Kazini naona vifo, kwenye kitabu sivitaki tena: je, nimekuwa msomaji mwepesi?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni muuguzi hapa Tanga, wodi ya wazazi, na zamu zangu nyingi ni kwenye chumba cha watoto njiti. Nimeolewa, na nina binti mmoja yuko kidato cha pili. Riwaya nimeanza kuzisoma zamani, na nilikuwa mtu wa vitabu vizito hasa. Rosa Mistika cha Kezilahabi nilikisoma bwenini kwa tochi, nikalia, nikakianza upya. Wenzangu walikuwa wakitafuta hadithi za mapenzi, mimi natafuta kitabu cha kunivuruga moyo.

Miaka hii nimebadilika. Nikitoka kazini namtaka mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Namtaka jasusi Willy Gamba. Nazitaka zile hadithi za mfululizo za kwenye simu, zinazokatishwa pale pale roho ilipokaa juu. Nataka aliyepotea apatikane, mwizi akamatwe, na wapendanao waoane.

Tuna kikundi chetu cha akina mama tunaosoma. Tunakutana Jumapili moja kila mwezi nyumbani kwa mmoja wetu, tunakunywa chai na vitumbua, tunazungumzia kitabu tulichokubaliana. Anayetuongoza ni dada mmoja tunayemheshimu sana, amesoma fasihi chuo kikuu, na vitabu anavyotuchagulia vyote ni vya vilio. Mwezi uliopita alituletea riwaya ambayo katikati yake mtoto mchanga anakufa mikononi mwa mama yake. Mwandishi hakuacha kitu: rangi ya midomo, pumzi inayokuja na kukatika, vidole. Nilikifunga kitabu hapo hapo. Siku ya kikao nikasema sikumaliza, wala sina mpango wa kumaliza.

Dada akanijibu mbele ya wote: "Basi mdogo wangu, wewe baki na vitabu vyako vya kupitishia muda. Fasihi inataka moyo." Wengine wakacheka. Na mimi kwa hasira nikasema kwamba wanaotafuta huzuni vitabuni ni watu ambao maisha hayajawaonesha kitu. Pakawa kimya. Mwenzetu mmoja aliyefiwa na mumewe mwaka juzi akaanza kukusanya vikombe kabla watu hawajamaliza chai, na alipoondoka hakuniaga.

Tangu siku hiyo sina raha. Vitabu vyangu nikivisoma hata nyumbani navifunika kwa kitenge. Mwezi ujao zamu ya kuchagua kitabu ni yangu. Je, kweli nimekuwa mwepesi? Nijitoe kwenye kikundi? Nikibaki, niwapelekee kitabu gani? Na hili la mwisho: binti yangu naye amezama kwenye hadithi za kutisha za kwenye simu, za majini na makaburi. Mimi nakimbia giza, yeye analikimbilia. Nimzuie?

Muuguzi, Tanga

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi.

Nikujibu moja kwa moja. Hujawa mwepesi. Usijitoe. Lakini kwa huyo mwenzako aliyefiwa una deni, na hilo lilipwe kabla ya habari ya vitabu. Nitalirudia.

Nimeipitia tena barua yako nikitafuta mahali ulipowaambia wenzako kwa nini kitabu kile kilikushinda. Sikupaona. Umewaambia hukumaliza na hutamaliza, basi. Hukuwaambia kwamba wiki hiyo hiyo huenda ulisimama pembeni ya kitanda kidogo ukiangalia kifua kinachopanda na kushuka, ukijua mama yuko nje kwenye benchi anasubiri uje useme neno. Wenzako wakiikuta rangi ya midomo ya mtoto kwenye ukurasa, wanaona mwandishi amefanya kazi yake. Wewe ukiikuta, mikono inatafuta hewa ya oksijeni. Hamkusoma kitabu kimoja, ingawa nakala zilifanana.

Na hapo ndipo ilipo sehemu kubwa ya jibu lako. Anachokipenda msomaji hakikai mahali pamoja maisha yake yote. Kinafuata kile ambacho siku zake zinamlipa na kile ambacho zinamnyima. Bwenini ulikuwa msichana mwenye afya, mwenye wazazi, na mauti ulikuwa ukiyasikia kwa mbali. Katika Rosa Mistika, Zakaria anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, Rosa anaondoka nyumbani na kupotea, mwisho anajiua: kwako ilikuwa habari mpya kuhusu dunia, na ulikuwa katika umri wa kuihitaji habari hiyo. Leo hakuna riwaya itakayokufundisha kwamba watoto hufa. Hilo unalijua kuliko mwandishi. Unachonyimwa na kazi yako ni kuona jambo linaanza, linafungamana, kisha linafunguka mtu akabaki hai, na ndicho unachokitafuta ukifika nyumbani. Sioni udhaifu hapo. Naona mtu anayejua anachohitaji.

Sasa kuhusu kauli ya dada anayewaongoza, kwamba fasihi inataka moyo, na moyo kwa maana yake ni uwezo wa kuvumilia vilio. Naipinga kwa nguvu zangu zote. Nimefundisha fasihi sekondari muda mrefu, na najua kauli hii tunaiokota wapi. Wengi wetu riwaya ya kwanza tunakutana nayo kama kitabu teule cha mtihani. Tunaambiwa tutoe dhamira, migogoro, ujumbe, na jamii inajifunza nini. Mwanafunzi anagundua mapema kwamba kitabu chenye mimba, ulevi, rushwa na kifo kinajibika kirahisi kuliko kitabu chenye fumbo la kupendeza. Ukahaba una dhamira, furaha haina alama. Anamaliza shule akiamini kwamba kitabu kisichomwachia donge kooni hakina kitu. Baadaye anafika chuo kikuu, anakuta riwaya zimegawanywa makundi, hizi dhati, yaani za uzito, na zile pendwa, yaani za burudani, na anajua yeye anatakiwa akae upande gani.

Pwani yetu haikuanza hivyo. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ulitungwa mwanzoni mwa karne ya 19, na sijui kama Kiswahili kina maandishi yenye giza kuliko yale: majumba ya matajiri wa Pate yamebaki magofu, popo wananing'inia, waliokuwa wakiringa kwa mataa na mito ya kuegemea wako kaburini na wadudu. Watu wale wale, kwenye baraza zile zile, walikuwa wakisimuliana visa vya Abunuwasi wakacheka mpaka machozi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake yeye ni wa upande gani. Hata bibi zetu jioni moja walisimulia zimwi linalomeza kijiji kizima, wakafuatisha sungura anayemtapeli fisi, na watoto wakavitaka vyote viwili.

Halafu tuviangalie hivyo vitabu vyako vya kupitishia muda. Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, alilishinda kwa riwaya yake ya Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Mtu ameuawa, na jina la mzimu liko mdomoni mwa kila mtu. Bwana Msa anawasha kiko chake, anauliza nani alikuwa wapi saa ngapi. Hakubali jibu la mzimu mpaka ushahidi wa binadamu uishe, na hauishi. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu ya macho mekundu tu, mtu anayekataa kumtaja mchawi kabla ya kuuliza maswali ni kitu chepesi? Mimi sioni wepesi wowote. Naona mwandishi aliyetufundisha namna ya kufikiri huku akitupa raha, tukaisahau sehemu ya kwanza kwa sababu ya utamu wa ile ya pili.

Elvis Musiba ni hivyo hivyo. Kitabu chake Kufa na Kupona kilitoka mwaka 1974, Msumbiji bado haijapata uhuru, Wareno bado wako mpakani kwetu, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ina makao Dar es Salaam tangu 1963. Willy Gamba anapigana na mawakala wa hao hao. Vijana waliokuwa wakipokezana kitabu hicho mpaka jalada likang'oka walikuwa wanasoma habari za ukombozi wa kusini mwa Afrika kwa hiari yao, bila kulazimishwa na mwalimu. Sisemi kila hadithi ya kusisimua ina uzito huo. Ziko za ovyo, zimeandikwa kwa haraka, wanawake wake ni mapambo ya kuuawa ukurasa wa kumi. Lakini na riwaya za vilio ziko za ovyo vile vile, ambazo mwandishi anarundika misiba kwa sababu hana jambo lingine la kutuambia. Ukitaka kupima kitabu, angalia kama watu wake wanaishi na kama sentensi zake ni za kweli. Kulia au kutolia kwako hakupimi kitu.

Hapo nimekutetea. Sasa nikae upande wa pili, kwa sababu kauli yako nayo haikuwa sawa.

Ulisema wanaotafuta huzuni vitabuni hawajaonja maisha. Mfikirie mwenzako aliyefiwa. Hapa kwetu mtu akifiwa watu wanajaa, turubai linafungwa, sufuria zinapangwa, kila mtu anasema pole. Arobaini ikipita, jina la marehemu halitajwi tena. Ukimtaja, unaambiwa jikaze, mshukuru Mungu, una watoto wa kulea. Huyu mama pengine hana nyumba hata moja anayoweza kuingia akakaa na msiba wake kwa saa nzima bila mtu kumharakisha apone. Kitabu cha huzuni hakimharakishi. Kinakaa naye. Wewe huzuni unaipata kazini kupita kiasi, kwa hiyo nyumbani unataka kuiweka kando. Yeye huzuni yake imekatazwa kila mahali, kwa hiyo ameipeleka pale inaporuhusiwa. Uliposema maisha hayajamwonesha kitu, ulimfungia na mlango huo. Ndiyo maana alikusanya vikombe.

Na usisahau kwamba Rosa Mistika, kitabu kile kile ulichokisomea tochi, kilipotoka mwaka 1971 kilizuiwa mashuleni. Wakubwa waliona ni aibu wasichana kusoma waziwazi habari za mimba, za kutoa mimba, na za wanaume wazima wenye vyeo wanaowawinda. Baadaye kikarudi madarasani kama kitabu cha kufundishia. Nakala ya maktaba ya shule niliyofundisha ilikuwa imechakaa vibaya: pembe za kurasa zilikuwa zimekunjwa, zikakunjuliwa na kukunjwa tena, na kwenye sura za Rosa akiwa shuleni kulikuwa na mistari ya penseli iliyofutwa kwa mate. Wasichana waliokuwa wakiiazima hawakuwa watu wa kununa. Wengine walikuwa wachangamfu kuliko wote darasani. Walikuwa wamekuta mtu mzima, Kezilahabi, aliyekubali kuliandika jambo ambalo nyumbani halisemwi. Giza la namna hiyo linaokoa watu, nami sitakubali lidharauliwe, hata na mtu aliyechoka kwa haki kama wewe.

Kuna jambo moja nataka nikuulize taratibu, kwa sababu ya kazi yako. Kuacha vitabu vya huzuni hakunitishi. Lakini je, Bwana Msa bado anakupendeza? Ukimaliza sura unaijua iliyopita? Unalala? Kama hata hizo hadithi tamu unazisoma macho yanapita tu, kama chakula hakina ladha na unaota chumba cha njiti ukiwa nyumbani, hapo tatizo limeshatoka kwenye vitabu. Zungumza na mtu kazini anayehusika na ushauri nasaha, au na daktari unayemwamini. Wewe ungemwambia mgonjwa wako hivyo hivyo.

Tuje kwenye ya kutenda.

Nenda kwa mwenzako aliyefiwa kabla ya Jumapili ya kikao. Usimtumie ujumbe wa simu. Nenda kwake, ukaribishwe, ukae. Usianze kueleza fasihi ni nini. Mwambie: "Dada, neno nililosema siku ile lilikuwa baya, na nililisema mbele yako. Nisamehe." Kisha mwambie kuhusu watoto njiti, kwa sababu naye hajui. Kama atataka kumzungumzia mumewe, msikilize, na usimharakishe.

Kwa dada anayewaongoza nenda siku nyingine. Yeye ni mkubwa wako na amekufanyia kosa mbele ya watu, lakini kumjibu tena mbele ya watu hakutakusaidia kitu. Mwambie ukweli wa kazi yako. Nadhani atajisikia vibaya, na akishajisikia vibaya usimsukume zaidi. Muombe jambo moja dogo la manufaa kwa wote: anayechagua kitabu aseme mapema kilichomo. Kuna kifo cha mtoto, kuna ubakaji, kuna mtu kujiua. Kichwamaji cha Kezilahabi, kwa mfano, kinaisha kwa mhusika mkuu, Kazimoto, kujiua, na sioni ubaya msomaji kulijua hilo kabla hajaingia, hasa kama nyumbani kwao limewahi kutokea. Mtu akijua, ataamua mwenyewe asome chote, aruke sura, au mwezi huo aje kunywa chai na kusikiliza. Kitabu kizuri hakiharibiki kwa sababu msomaji alijiandaa.

Kuhusu kitabu cha zamu yako: usichague cha kuwaridhisha. Wapelekee Mzimu wa Watu wa Kale, na kitenge kitoe. Usiwaombe radhi kwa kukichagua. Fika na maswali ya kuzungumza: kwa nini Bwana Msa na rafiki yake Najum wanaona mambo yale yale wakafikia majibu tofauti? Ni nani mle ndani anafaidika watu wakiamini mzimu? Na Kiswahili chake, kile cha Unguja chenye madaha, waombe kila mmoja aje na sentensi aliyoipenda na aisome kwa sauti. Sijaona kikundi kisichochangamka kwa zoezi hilo.

Kisha pendekeza kwamba mwezi unaofuata, yeyote mwenye zamu afikirie Vuta n'kuvute cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1999 na kufanyiwa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Yasmini, binti wa Kihindi, ameozwa kwa Bwana Raza anayeweza kuwa baba yake. Anatoroka, anafukuzwa na kwao, anampenda Denge, ambaye serikali ya kikoloni inamsaka usiku na mchana. Kuna jela ndani yake, na kuna machozi. Kuna pia kujificha, kufukuzana, ngoma, na Zanzibar ya usiku yenye watu wanaocheka. Dada yako atapata ukoloni na ndoa za kulazimishwa, wewe utapata kurasa zinazojifungua zenyewe, na mtagombea kitabu kimoja kwa sababu mbalimbali. Lakini kwanza muulize aliyekisoma kama kuna kifo cha mtoto ndani yake.

Mwisho ni binti yako. Mwache asome. Umri wake ndio umri wa kutaka kutishwa ukiwa salama kitandani, na wewe mwenyewe ulikuwa hivyo, ila hofu yako ilikaa Ukerewe, kwa kina Rosa, na yake inakaa makaburini. Simu ilale sebuleni ikifika saa ya kulala, hilo ni la usingizi na shule. Unachotakiwa kukiangalia ni hadithi zenyewe. Muombe akusimulie moja, umsikilize mpaka mwisho bila kukunja uso. Kama ni jini linalotokea kisimani, hakuna neno. Ukikuta mwandishi anafurahia mateso ya wasichana, mwambie waziwazi kwamba hiyo huipendi na kwa nini, halafu mtafutieni pamoja nyingine ya kutisha iliyoandikwa vizuri zaidi.